Mwana wa Liyongo na Siri ya Kitovu

Msomaji, huenda umepata kupita Garsen, pale barabara iendayo Lamu inapouvuka mto Tana. Ukiufuata mto huo hadi uingiapo baharini utafika Kipini, na karibu na hapo wenyeji huonyesha mahali wasemapo ni kaburi la Fumo Liyongo. Habari zake twazisoma katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913.

Kisa chenyewe wakijua. Liyongo hakudhurika kwa mkuki wala kwa mshale, bali kwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Mfalme wa Pate, adui yake, alimvuta mwanawe Liyongo kwa ahadi, miongoni mwazo ahadi ya kumwoza binti yake. Kijana akaiuliza siri, akaipata, na baba yake alipolala akamchoma. Liyongo akatoka na upinde wake, akapiga goti kisimani, na watu wakaogopa kuteka maji, wasijue kwamba amekwisha kufa.

Wasomaji wengi hufunga kitabu wakimlaani mwana. Hukumu hiyo ni ya haki, kwani alikwisha kufikia umri wa kuoa na alijua atendalo. Lakini haitoshi. Macho yetu huvutwa na shujaa kisimani, tukamsahau mtu mzima aliyekaa Pate akiupanga uovu na kumtia sindano kijana mkononi. Mtazame huyo kwa makini. Kwanza alizungumza na mwana pasipo baba kujua. Pili alimpa ahadi tamu. Tatu alimfungia siri. Na kazi ilipokwisha, kijana hakuipata ile ahadi.

Njia hizo tatu hazikufa pamoja na Liyongo. Ndizo hasa zitumiwazo hata leo na wawadhuruo watoto wadogo. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Na kweli, mara nyingi mwenye kumdhuru mtoto si mgeni, bali ni mtu amjuaye na kumwamini. Hatari huzidi nyumba zitawanyikapo, kama ilivyokuwa Tana ilipofurika mwaka 2018, jamaa nyingi zikahamia kambini na watoto wakalala karibu na watu wasiowazoea.

Basi wewe uliye na wadogo nyumbani, wasimulie kisa hiki, kisha uwafunze haya. Mwili wa mtoto ni wake. Asiyetaka kushikwa ana haki ya kukataa, hata kama mshikaji ni jamaa. Zawadi isiyotakiwa kujulikana na mama si zawadi. Siri njema, kama ile ya nguo mpya ya sikukuu, ina siku yake ya kufichuliwa; siri mbaya huambatana na hofu, na mwenyewe husema isifichuliwe kamwe. Mtoto akiambiwa siri ya namna hiyo, na amwendee mtu mzima amwaminiye, na asiposikilizwa, amwendee mwingine. Katika Kenya aweza pia kupiga simu nambari 116 bila malipo. Nayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda.

Wako watakaosema kwamba mafunzo haya yatawaondolea watoto adabu. Sivyo. Adabu ni kumwamkia mzee, kumpokea mzigo, kumpisha kitini. Si kumtii aamrishapo uovu. Kama mwana wa Liyongo angalifunzwa tofauti hiyo tangu utotoni, huenda angalirudi kwa baba yake na kumwambia, “Baba, nimetumwa nikuulize jambo, nami naogopa.” Maneno machache hayo yangalitosha.

Usomapo tena utenzi huo, msomaji, usiulize tu ni nani aliyeshika sindano. Uliza pia ni nani aliyeitoa, na kwa nini mwana hakuwa na mtu wa kumweleza.