Hadhira Isiyoalikwa: Athari za Unyanyasaji wa Mtandaoni katika Fani ya Video za Anita Sarkeesian na Lindsay Ellis

Utangulizi

Mijadala mingi kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni huuchukulia kuwa jambo linalotokea nje ya kazi. Mtayarishaji hutoa video, watu humtukana, naye huumia. Kwa mtazamo huo, video ni mali ya mhakiki, na matusi ni mali ya polisi, mwanasheria au daktari wa akili. Uhakiki huu unadai kuwa mpaka huo haudumu. Unyanyasaji wa muda mrefu huingia ndani ya kazi yenyewe na kubadili msemewa, mpangilio wa hoja, urefu, toni, na hatimaye hata chombo kinachotumika. Dai hilo linachunguzwa kupitia kazi za wahakiki wawili wanaotumia video: Anita Sarkeesian, aliyehakiki michezo ya video, na Lindsay Ellis, aliyehakiki filamu. Dhana zinazoongoza uchunguzi huu ni za fasihi simulizi, yaani uhusiano wa fanani na hadhira.

Fanani, hadhira na jukwaa la video

Katika fasihi simulizi, hadhira ni sehemu ya utendaji. Mtambaji wa ngano hutamka "Paukwa!" na kungoja "Pakawa!" kabla ya kuendelea, jibu hilo ni idhini. Hadhira yaweza kucheka, kukosoa, hata kumkatiza, lakini hufanya hivyo mahali pamoja na wakati mmoja naye. Kesho yake watakutana kisimani au sokoni, na ujirani huo huuwekea ulimi mipaka.

Video ya YouTube hurithi dalili za uhusiano huo bila kurithi masharti yake. Mtayarishaji huitazama kamera, humsemesha mtazamaji katika nafsi ya pili na kumwalika atoe maoni. Hata hivyo, anayejibu hana uso, hana ujirani, na wakati wake haufungwi na utendaji: kauli ya miaka kumi iliyopita huweza kufukuliwa na kuhukumiwa kana kwamba imetamkwa leo. Zaidi ya hayo, riziki ya mtayarishaji hutegemea kutazamwa, na katika hesabu ya kutazamwa aliyekuja kwa hasira huhesabika sawa na aliyekuja kwa mapenzi. Ndiyo maana si rahisi kumwambia fanani wa namna hii ajifungie mlango: mlango huohuo ndio unaompa chakula.

Sarkeesian: utulivu kama ngao

Mwezi Mei 2012 Sarkeesian aliomba michango ya umma kupitia Kickstarter ili atayarishe mfululizo wa "Tropes vs. Women in Video Games", unaohusu taswira za wanawake zinazojirudia katika michezo ya video. Lengo lilikuwa dola 6,000. Zilipatikana dola 158,922. Kampeni ya matusi na vitisho ilianza kabla ya sehemu hata moja ya mfululizo kutolewa. Palitengenezwa hata mchezo wa kompyuta uliomwezesha mchezaji kuupiga uso wake kwa ngumi. Kwa hiyo hadhira yenye uadui ilitangulia kazi, na sehemu ya kwanza ilipotoka mwaka 2013 ilitolewa ikijua inangojwa na nani.

Ujuzi huo unasomeka katika fani. Sehemu ya kwanza inamhusu binti aliyetekwa ambaye kazi yake ni kungoja kuokolewa, kama Princess Peach katika michezo ya Mario. Mapema katika sehemu hiyo msemaji anaeleza kuwa mtu anaweza kuifurahia kazi na wakati huohuo kuukosoa upungufu wake. Mtazamaji mwenye nia njema hahitaji kuambiwa hivyo. Kauli hiyo inamlenga yule atakayedai kuwa msemaji anachukia michezo na wachezaji. Vilevile, sauti yake ni tulivu kutoka mwanzo hadi mwisho, na mifano imerundikwa mmoja juu ya mwingine hadi kuzidi mahitaji ya hoja. Mrundikano huo unajibu swali ambalo halijaulizwa ndani ya video, yaani iwapo msemaji anaijua michezo anayoizungumzia.

Ngao hiyo ina gharama yake ya kisanaa. Michezo mingi hupewa sekunde chache tu, na ile ambayo ingestahili usomaji wa karibu huishia kuwa kielelezo katika orodha. Ucheshi unakosekana, kwa kuwa mzaha ndio unaokatwa kwa urahisi na kusambazwa bila muktadha wake. Wahakiki wanaoulaumu mfululizo huu kwa ukavu wana haki kuhusu athari, lakini hukosea wanapoitafuta sababu katika kipaji cha mtayarishaji peke yake.

Uamuzi wake wa kufunga sehemu ya maoni nao ni wa kifani. Wapinzani waliutafsiri kuwa woga wa mjadala, ilhali mjadala kuhusu kazi yake uliendelea kila mahali pengine. Alichokataa ni kuwa mwenyeji wa matusi yake mwenyewe. Kwamba hofu hiyo haikuwa ya kubuni kulidhihirika Oktoba 2014, alipofuta mhadhara katika Chuo Kikuu cha Utah State nchini Marekani baada ya kutolewa tishio la mauaji kwa bunduki. Sheria za jimbo la Utah hazikuruhusu kuwazuia watu wenye vibali kuingia ukumbini na silaha.

Ellis: kazi inapogeuka shauri

Kisa cha Ellis kinatofautiana kwa chanzo na kwa sura. Machi 2021 aliandika Twitter kwamba filamu ya Disney "Raya and the Last Dragon" ilifanana na kazi nyingine zinazofuata nyayo za "Avatar: The Last Airbender". Baadhi ya wasomaji walimkosoa kwa kuziweka katika kapu moja kazi tofauti kwa sababu tu zinachota kutoka tamaduni za Asia. Hoja hiyo ilistahili kujadiliwa. Lakini ndani ya siku chache lawama zilienea hadi kwenye kauli na kazi zake za miaka mingi iliyopita. Mantiki iliyotawala ni ile ya methali "lisemwalo lipo; kama halipo laja": wingi wa wasemao uligeuzwa kuwa ushahidi.

Aprili 2021 alitoa "Mask Off", video ya zaidi ya saa moja na nusu. Hapa muundo wa insha ya uhakiki umetoweka na nafasi yake kuchukuliwa na muundo wa utetezi mahakamani. Shtaka husomwa, hupimwa, hukubaliwa au hukanushwa, kisha hufuata jingine. Urefu wenyewe ni maana, kwa kuwa shtaka la sentensi moja hudai maelezo ya dakika nyingi, na anayejibu huonekana mwenye hatia kwa sababu tu amesema mengi. Nguvu ya video hii ni kuufichua mwendo huo kwa kuuigiza. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kuukwepa. Msemaji anajua kuwa hakuna hakimu wa kuridhika, lakini anaendelea kujieleza, na mtazamaji hubaki na taswira ya mhakiki hodari aliyelazimika kujifanya mada ya uhakiki wake.

Desemba 2021 alitangaza kuacha kazi hiyo. Tangazo lilikuwa andiko, wala halikuwa video, na kichwa chake kilirejelea hadithi ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1973 kuhusu mji wa Omelas, ambao furaha yake hutegemea mateso ya mtoto mmoja aliyefungiwa. Katika hadithi hiyo wanaoondoka ni raia walionufaika. Mtoto hana pa kwenda. Mwingiliano-matini huu una utata wenye tija. Ellis anajiweka katika nafasi ya raia anayeondoka, ingawa maumivu anayoyaeleza ni ya mtoto. Utata huo unalingana na hali halisi ya mtayarishaji wa video, ambaye hunufaika na mkusanyiko wa macho ya watu na huumizwa na mkusanyiko huohuo. Inafaa pia kuzingatia kuwa aliporejea katika kutayarisha video alizitoa Nebula, jukwaa ambalo watazamaji hulipa ada. Ada hiyo inafanya kazi ya "Pakawa", kwa kuwa humtaka msikilizaji atoe idhini kabla ya kuingia.

Uhakiki na unyanyasaji

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza ni la faraja: mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Methali hii humsifu mti, lakini humwacha mpigaji bila swali na kuyafanya mawe yaonekane kama majira ya mwaka. La pili ni zito zaidi: kuwalinda watayarishaji kwaweza kuwa njia ya kuwanyamazisha wakosoaji, hasa wa jamii zisizo na sauti. Pingamizi hili halijibiwi kwa kupima ukali wa maneno, kwani uhakiki wa kweli waweza kuwa mkali. Kipimo kinachofaa zaidi ni lengo. Uhakiki huishikilia kazi na huacha nafasi ya jibu linaloweza kuubadili, ilhali unyanyasaji huitumia kazi kama kisingizio cha kumfikia mtu, na kila jibu huufanya kuwa shtaka jipya. Kwa kipimo hiki, hoja ya awali kuhusu tamaduni za Asia ilikuwa uhakiki, na ufukuaji wa maisha ya mtu uliofuata haukuwa.

Hitimisho

Kazi za Sarkeesian na Ellis zinaonyesha kuwa hadhira isiyoalikwa huacha alama ndani ya matini: katika kauli za kujihami, mrundikano wa mifano, sauti iliyobanwa, urefu wa utetezi, ukimya wa maoni yaliyofungwa na uhamaji kutoka video hadi andiko. Nadharia ya fanani na hadhira, iliyojengwa juu ya utendaji wa ana kwa ana, inahitaji kupanuliwa ili imtambue msikilizaji anayehudhuria kwa nia ya kuukomesha utendaji. Mhakiki asiyemtambua msikilizaji huyo atamlaumu fanani kwa makovu na kuyaita mtindo.