Mazoezi Bwaloni

Muhula wa kwanza ukifika, shule za Kenya huanza kujiandaa kwa tamasha za maigizo, na zile za Magwagwa, huku Nyamira, nazo zimo. Safari ni ndefu: kaunti ndogo, kaunti, Nyanza nzima, kisha taifa, mwezi Aprili. Wengi wanaoanza mazoezi Januari hawatavuka kaunti. Wanalijua hilo, na bado wanakuja. Ndiyo maana mimi nayapenda mazoezi kuliko vikombe.

Meza za bwalo husukumwa ukutani masomo yakiisha. Kijana mmoja amepewa nafasi ya mzee. Mwanzoni alizeeka kama wanavyozeeka waigizaji wote wachanga: mgongo umepinda, mkono kiunoni, sauti ya kukwaruza. Mwalimu hakumkemea. Alimvua vitu hivyo kimoja kimoja. Leo acha ile sauti, kesho weka bakora chini. Alipokuwa hana tena cha kujifichia, mpishi aliyekuwa akipanga sufuria alisema, "Mzee hainuki hivyo, kijana wangu. Kwanza mkono hutafuta pa kushika." Kijana akakaa, akainuka, akakaa tena. Jioni yote iliishia kwenye kile kiti. Hatimaye mkono ulitangulia wenyewe, vidole vikapapasa ukingo wa meza, na wenzake waliokuwa wakicheka wakanyamaza.

Mpishi yule ana ndugu zake katika historia ya maigizo yetu. Kule Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa viwandani walifanya mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa miezi kadhaa mahali pa wazi, na wanakijiji waliokuja kutazama wakawa wanawasahihisha. Serikali iliupiga marufuku mwezi Novemba, wiki chache tu tangu uanze kuonyeshwa. Kazi ya miezi ile haikuweza kufutwa kwa amri. Ilikuwa imekwisha kuingia miilini mwao.

Huku kwetu mvua ya alasiri ikipiga mabati, mwanafunzi hupayuka, na baada ya siku chache koo humuuma. Hapo ndipo anapoanza kufundishwa kuvuta pumzi tumboni na kutoimeza silabi ya mwisho. Ulimi uliokulia katika Ekegusii, lugha ya huku isiyo na sauti ya l, nao una kazi yake ya ziada. Hakuna njia ya mkato. Ni kurudia hadi mdomo uzoee.

Anayenivutia zaidi, hata hivyo, ni msichana mmoja anayeigiza jirani asiye na neno hata moja. Kazi yake ni kusikiliza habari ya msiba. Habari hiyo ameisikia kila jioni tangu Januari, naye anatakiwa aipokee kama ndiyo kwanza inamfikia. Awali alikuwa akigeuza kichwa kabla habari haijatamkwa, kwa kuwa alijua inakuja. Sasa hugeuka ikiwa imeshasemwa, akiwa amechelewa kidogo, kwa sababu habari ya kifo humfikia mtu polepole. Ninaamini hilo ni gumu kuliko kukariri kurasa kumi.

Watu husema mwigizaji Lupita Nyong'o alizuka ghafla alipotwaa Oscar mwaka 2014. Lakini alikuwa na miaka 14 alipomwigiza Juliet jijini Nairobi na kikundi cha Phoenix Players. Baadaye alisomea uigizaji chuoni Yale na kuhitimu mwaka 2012. Miaka yote iliyo katikati ilikuwa na mazoezi yake, ambayo hakuna aliyeyapigia makofi.

Mwakani wanafunzi wa mwaka wa mwisho watakuwa wameondoka, na nafasi ya mmoja wao, ya mama mwenye nyumba, itabaki wazi. Mwalimu amesema atamjaribu yule jirani.