Lita ngapi zimo ndani ya mbuyu?

Kwenye magofu ya Kunduchi, wilayani Kinondoni, mibuyu imesimama kati ya makaburi ya nguzo ya wenyeji wa kale wa pwani. Miti mingi ya ukanda huu haikubahatika hivyo: misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, imekatwa miaka na miaka kulisha majiko ya mkaa ya Dar es Salaam. Heshima na hofu ya mizimu zimeilinda mibuyu, hilo sikatai. Lakini ipo sababu nyingine ambayo inaweza kupimwa kwa mizani, nayo ni maji.

Kupima maji ya mti ulio hai hakuhitaji kuuangusha. Mpimaji huzungusha kekee yenye uwazi katikati mpaka iingie ndani ya shina, kisha huchomoa kijiti chembamba kama penseli. Kijiti hicho hufungwa palepale kwenye mfuko usiopitisha hewa, maana kikipigwa na jua la Dar kwa muda mfupi tu hesabu yote imeharibika. Maabara hukipima uzito kikiwa kibichi, hukizamisha majini kupata ujazo wake, kisha hukikausha kwenye tanuri la nyuzijoto 103 hadi uzito uache kushuka. Uzito uliopotea ni wa maji.

Kinachofuata ndicho huwachanganya watu. Wataalamu wa mbao hugawanya uzito wa maji kwa uzito wa mti mkavu, si kwa uzito wote wa mti mbichi. Ndiyo maana unyevu wa mti unaweza kuandikwa asilimia 150, na hakuna kosa lolote: kila kilo ya mti mkavu imebeba kilo moja na nusu ya maji.

Je, kuna kikomo? Kipo, na kinakokotolewa kirahisi. Kuta za chembe za mti, uwe mninga au mbuyu, zina uzito wa kilo 1,500 hivi kwa kila mita ya ujazo. Mti mgumu wenye kilo 600 kavu kwa mita ya ujazo una nafasi ya lita 600 za maji, basi. Mti wenye kilo 120 una nafasi ya lita 920. Mti ulio mwepesi unapokauka ndio wenye nafasi kubwa ya maji unapokuwa hai.

Mbuyu uko upande huo wa wepesi. Mwaka 2006 Saharah Moon Chapotin, Juvet Razanameharizaka na Michele Holbrook walichapisha vipimo vya mibuyu ya Madagaska: mti mkavu una kilo 90 hadi 170 tu kwa mita ya ujazo, na maji hufikia asilimia 79, hapa si kwa hesabu ile ya kugawanya kwa uzito wa mti mkavu. Walibaini pia kwamba maji hayo, kwa kuzijaza chembe hai na kuzikaza, husaidia kuushikilia mti usianguke. Waliochunguza walitarajia pengine kuona mti ukiyatumia kiangazi chote, haikuwa hivyo. Maji ya shina yalisaidia kuchipuza majani mapya kabla ya mvua, lakini vitundu vya majani vilibaki vimefungwa mpaka ardhi ilipolowa. Akiba hiyo mbuyu huitumia kwa ubahili mkubwa.

Sasa tuchukue futi kamba. Tuseme shina lina mzunguko wa mita 10 na urefu wa mita 6 kabla ya matawi. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawanya kwa 12.57: unapata karibu mita za ujazo 48. Nikikadiria maji kuwa nusu tu ya ujazo huo, ni lita 24,000. Kama shina lina pango, toa ujazo wake kwanza. Na pango lisichanganywe na hesabu hii. Huko Kordofani, Sudan, watu walichimba mashina ya mibuyu wakahifadhi mvua humo. Hilo ni tangi. Maji ninayoyazungumzia yamo ndani ya chembe, hayachoteki kwa kata. Tembo wa Ruaha na Tarangire huyapata kwa kulirarua shina na kulitafuna.

Mchoma mkaa naye afanye hesabu. Kukausha kilo moja ya maji kunahitaji megajuli 2.6 hivi, na kilo moja ya mti mkavu hutoa kama 18. Mbuyu wenye kilo 120 kavu na lita 500 za maji kwa mita ya ujazo hula zaidi ya nusu ya nguvu yake kwa kujikausha tu. Mafundi wa Keko, Temeke, nao hawana la kufanya nao. Mninga ukikauka hutulia na kuwa mlango; mbuyu ukikauka hubaki nyuzi nyepesi zisizoshika msumari.

Kwa hiyo, ewe mwenye kiwanja Mbweni, Kunduchi au Mbagala unayetaka kuuondoa mbuyu ili upate mbao au mkaa wa kufidia gharama: hutapata kimojawapo. Mwambie mchora ramani asogeze ukuta.