Kuhukumu Timu Mwezi wa Aprili

Mashabiki wa besiboli nchini Marekani wana homa inayowarudia kila mwaka mwezi wa Aprili. Timu ikishinda mechi kumi mfululizo huanza kutajwa kuwa bingwa. Ikifungwa kumi, watu wanataka kocha afukuzwe. Wapo na wenye busara, ambao husema tu kwamba ni mapema mno, kisha wakanyamaza, kana kwamba mechi za Aprili hazihesabiwi. Kwa maoni yangu hata hao wanakosea.

Tuwatazame Milwaukee Brewers wa mwaka 1987. Walishinda mechi 13 za mwanzo bila kufungwa hata moja. Mwezi Mei wakafungwa 12 mfululizo, na msimu ukaisha wakiwa wa tatu katika kundi lao, wameshinda 91 na kufungwa 71. Ukiziondoa zile 13 unabaki na timu iliyoshinda 78 na kufungwa 71. Si mbovu, wala si ya kutisha mtu.

Atlanta Braves wa mwaka 1982 nao walianza kwa ushindi 13. Tangu hapo hadi mwisho walishinda 76 na kufungwa 73, karibu sawa na kurusha shilingi. Hata hivyo waliongoza kundi lao, wakiwapita Los Angeles Dodgers kwa mechi moja tu! Bila Aprili ile wasingefika popote. Basi ushindi wa mapema ni mali halali iliyokwisha kuwekwa akibani, na kosa la mashabiki ni kuuzidisha pale ambapo wangepaswa kuujumlisha. Hata Detroit Tigers wa mwaka 1984, waliotwaa ubingwa wa World Series, walishinda 35 katika mechi 40 za kwanza, lakini katika 122 zilizobaki walishinda 69. Kansas City Royals wa mwaka 2003 walishinda 16 kati ya 19 za mwanzo, wakamaliza na 83. Hao niliwaamini mimi mwenyewe, na sina la kujitetea.

Msimu una mechi 162. Timu nyingi hutumia warushaji watano wanaopokezana kuanzisha mechi, kwa hiyo mechi 20 zikimalizika kila mmoja wao ameanzisha nne tu. Mrushaji mzuri anaweza kuharibu nne, na wa kawaida akang'ara katika nne. Ndiyo maana ni afadhali kuuliza timu imeshindaje kuliko kuuliza imeshinda ngapi. Bill James, aliyewafundisha Wamarekani kuutazama upya mchezo wao, alionyesha kwamba mikimbio, yaani alama ambazo timu inafunga na kufungwa, huitabiri timu vizuri kuliko idadi ya ushindi. Anayeshinda kila siku kwa mkimbio mmoja anaishi kwa mkopo. Anayeshinda kwa mitano au sita, hata Aprili, anastahili kuangaliwa.

Kwa mchezaji mmoja mmoja hukumu hii ni kali zaidi, kwa sababu timu ina miezi sita ya kujirekebisha lakini kijana anaweza kupoteza nafasi yake kabla miezi hiyo haijatimia. Chris Shelton wa Detroit alipiga mipira 10 ikavuka uzio wa uwanja mwezi Aprili 2006, na watu wakaanza kumpigia hesabu za mwaka mzima. Warushaji nao hawalali. Mpigaji akishajulikana anapenda mpira wa aina gani, hapewi tena. Mwisho wa Julai Shelton alirudishwa ligi ya chini, katika timu ya Toledo.

Waliosema baadaye kwamba Aprili yake ilikuwa bahati tupu hawakumtendea haki. Mipira ile ilivuka uzio kweli, na mikimbio yake ikaingia katika hesabu ya Tigers, ambao mwaka ule walishinda mechi 95 na kufika World Series, wakafungwa na St. Louis Cardinals. Shelton alimaliza mwaka na mipira 16 iliyovuka, 10 kati ya hiyo ikiwa ya Aprili.