Ukisikia Nyumba, Tafuta Jikoni

Vitabu vingi vya fasihi simulizi vinatupangia vitendawili kama orodha ya bei dukani: swali kushoto, jibu kulia, basi. Mwanafunzi anakariri, anaingia kwenye mtihani, anatoka. Nadhani mpangilio huo ndio uliotufanya tuamini kwamba kitendawili ni kitu kidogo, cha watoto, ambacho thamani yake inaisha jibu likishatajwa. Mimi nataka kukitetea. Na mashahidi wangu ni watu ambao hatuwahesabu kuwa wahakiki: wale wanaotaka kushinda tu.

Nina marafiki watatu ninaokutana nao Jumapili jioni kwa kahawa na kashata. Mmoja ni mwalimu wa hisabati, mmoja anauza simu, mmoja ni fundi cherehani aliyeishia darasa la saba. Wanashindana kwa kila kitu: nani kafika kwanza, nani kanunua mchele kwa bei nafuu, nani alitabiri matokeo ya Simba na Yanga. Siku hizi ushindani umehamia kwenye vitendawili, na sheria ni zile zile za zamani. Anayetega anasema "Kitendawili!", wengine wanaitikia "Tega!" Wakishindwa, anadai mji. Hapo ndipo kelele zinapoanza. Ukimpa Kibaha anakataa, anataka Mwanza. Akishaupata anasimulia kwanza alivyofika huko, alivyopokelewa na alivyokula, halafu ndiyo anataja jibu.

Fundi ni mgumu kutoa mji. Siku moja mwalimu alimbana aeleze siri yake, akajibu: "Nyie mnatafuta picha. Mimi nasikiliza neno linaanzaje."

Mfano wake ulikuwa huu: "Haukamatiki wala haushikiki." Mwalimu alikuwa ameshang'ang'ania kivuli. Fundi akamwambia, "Kivuli hapana. Kingekuwa hakikamatiki. Hapo tafuta moshi, upepo, au moto." Hajakaa darasani kufundishwa ngeli, lakini sikio lake linazijua kuliko vitabu vyetu. Kiambishi kimoja mwanzoni mwa kitenzi kimeshafuta nusu ya vitu vyote duniani.

Unaweza kusema huo ni ujanja wa kupata jibu bila kufikiri. Mimi naona ni usomaji wa karibu kabisa, kwa sababu unatuonyesha mtunzi alikuwa na tatizo gani. Kiswahili kinavujisha siri. Ukitaka kuficha kitu, sarufi inakutaja. Sasa mtunzi afanyeje?

Chukua kile kisemacho "Akitokea watu wote humwona." Jibu ni jua. Jaribu kukisema kwa sarufi ya jua lenyewe: "Likitokea watu wote huliona." Kimekufa. Hakuna atakayekupa hata kijiji kwa hicho. Ni hivyo hivyo kwa "Ana meno lakini haumi", yaani kitana. Sema "Kina meno lakini hakiumi" uone kama itapita dakika. Darasani tunaambiwa tashihisi ni kukipa kitu sifa za binadamu ili lugha ipendeze. Hapa tashihisi ni kufuli. Ile "a-" moja inafunga mlango ambao upatanisho wa kisarufi ungeuacha wazi. Na jibu likishajulikana, kufuli hilo hilo linageuka kuwa uzuri: jua limekuwa mtu anayeingia mtaani na kila shingo inageuka. Mtunzi hakuongeza pambo juu ya fumbo. Pambo ndilo fumbo.

Njia ya pili ya kuficha ni kujibanza nyuma ya nomino nyingine. Ukisema "Nyumba yangu haina mlango," viambishi vyote vinaifuata nyumba, na sikio la fundi linabaki bila kazi. Lakini bwana huyu ana kanuni ya hapo pia: "Ukisikia nyumba, tafuta jikoni." Nyumba isiyo na mlango ni yai. Nyumba yenye nguzo moja ni uyoga. Hata kuku aliyetaga miibani tulimkuta huko huko, nanasi. Tulicheka sana, maana kanuni ilikuwa imekubali mara tatu mfululizo.

Ndipo muuza simu akatega: "Nyumba yangu kubwa haina taa."

Fundi akazunguka jiko zima: chungu, boga, nazi. Akasalimu amri, akatoa Tanga. Jibu ni kaburi. Hakuna aliyecheka. Fundi alisema tu, "Hiyo kali," akajimiminia kahawa.

Nimekifikiria kitendawili hicho wiki nzima. Kinaanza kama wenzake, na kanuni ya jikoni ndiyo iliyotufanya tuingie kwa mbio tukiwa tunatabasamu. Kwenye yai na uyoga, neno "yangu" ni desturi tu, maana anayetega hana yai lolote. Kwenye kaburi neno hilo hilo linakuwa kweli, na wala si kwa anayetega peke yake. Kama tungesoma jibu upande wa kulia wa ukurasa, tusingelihisi neno hilo likibadilika. Ilibidi mtu awe na haraka ya kushinda, ajikwae.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ushindani unaharibu fasihi. Sehemu kubwa ya fasihi yetu imezaliwa humo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga akijibizana na kufumbiana na washairi wenzake, huku Mombasa na Lamu zikiwa na uhasama wa kweli. Fumbo lililotumwa kwa mpinzani lilipaswa kuwa imara, kwa sababu aliyelipokea alikuwa anatafuta ufa.

Lakini njia za mkato si zote sawa. Muuza simu ana ya kwake: anasaka majibu kwenye simu chini ya meza. Anapata jibu, lakini hajui kwa nini ndilo jibu, na ukimbadilishia neno moja amepotea. Mkato wa fundi unapita ndani ya maneno. Wake unayaruka. Na kwa bahati mbaya ule wa chini ya meza ndio unaofanana na namna tunavyowapima watoto wetu.

Mtoto akiandika "upepo" kwenye kile cha "Haukamatiki wala haushikiki," na mwalimu anayesahihisha ana orodha iliyoandikwa "moshi," mtoto anapata sifuri. Ngeli imemkubali, maana imemkubali, kila neno la kitendawili liko upande wake. Orodha ndiyo imemkataa. Kesho yake atakariri moshi, na hatasikiliza tena neno linaanzaje. Ningekuwa mtunga mitihani ningelitaja jibu mapema, niache nafasi ya mistari miwili, kisha niulize: kwa nini haiwezi kuwa kivuli?