Ufundi wa Orodha

Mjini Butembo, mkoani Kivu Kaskazini nchini Kongo, jina la Kambale peke yake halimtambulishi mtu. Wanande huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo kila avenyu ina akina Kambale na Kasereka wake, akina Masika na Kavira wake. Aliyetumwa kumtafuta "Kambale wa Katwa" ametumwa kutafuta nusu ya Katwa. Sasa mwambie kwamba Kambale huyo alimpakia mgonjwa wa Ebola kwenye pikipiki yake siku tatu zilizopita, na kwamba lazima apatikane kabla homa haijampanda. Mimi naistahi kazi hiyo kuliko hotuba zote zilizotolewa kuhusu mlipuko wa 2018 hadi 2020: kuandika orodha ya waliomkaribia mgonjwa, kisha kuwafuata siku 21, mlango kwa mlango.

Mlipuko wenyewe ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, wiki moja tu baada ya Kongo kutangaza kumaliza mwingine mkoani Équateur. Ulionekana kwanza Mangina, ukaingia Beni, ukafika Butembo na Katwa. Ulipotangazwa kwisha, 25 Juni 2020, walikuwa wameugua watu 3,470 na kufa 2,287. Serikali na Shirika la Afya Duniani walichagua sera ya pete: huchanji mji mzima, unawachanja waliomkaribia mgonjwa na waliowakaribia hao, ili virusi vikose pa kupita. William Foege aliitumia mbinu ya namna hiyo dhidi ya ndui nchini Nigeria mwaka 1966, na mwaka 2015 ikapimwa kwa Ebola nchini Guinea. Katika waraka inasomeka vizuri sana. Lakini pete haichorwi kwa bikari. Huchorwa kwa orodha, na orodha ikikosa jina moja, pete imevuja.

Anayeijua kazi haulizi, "Ulikutana na nani?" Swali hilo hujibiwa "hakuna", na anayejibu hadanganyi, kwa maana nani huhesabu watu aliokutana nao? Fundi huuliza siku. Homa ilianza lini, mama? Jumatano. Jumatano ulikwenda sokoni? Nani alikurudisha? Usiku ule ulilala na watoto? Shuka alifua nani? Na kabla ya kufika hospitali, sindano ulichomwa wapi? Hilo la mwisho lilikuwa na uzito wa pekee Beni, kwa sababu watu wengi, watoto hasa, waliambukizwa katika vituo vidogo vya binafsi, wenyewe huviita "tradi-modernes", vinavyochanganya mitishamba na sindano. Mgonjwa huona aibu kukitaja kituo hicho, mwenye kituo naye huogopa kufungiwa. Jibu huja kwa subira tu, pengine siku ya pili, pengine kwa shangazi na si kwa mgonjwa. Na kila jina linalopatikana halina kazi bila mkia wake: avenyu, kanisa, jina la mume, anauza nini.

Kisha zinakuja zile siku 21, muda mrefu kabisa ambao virusi huweza kujificha mwilini kabla ya homa. Kila siku unapima joto, unauliza habari za usiku, unaandika. Siku ya kwanza unakaribishwa kwenye kiti. Kufikia siku ya kumi mlango unafunguliwa nusu, maana majirani wamekiona kile kipimajoto na wameanza kunong'ona. Waliofika kwa gari jeupe na walinzi wenye bunduki walizikuta nyumba tupu. Aliyefika kwa miguu, anayejua kuamkia kwa Kinande na anayeujua msiba wa nyumba ile, alimkuta mtu wake.

Tusijidanganye, watu walikuwa na sababu za kukataa. Mauaji ya raia yalikuwa yamewaandama wakazi wa Beni tangu Oktoba 2014. Malaria iliua watoto kila mwezi bila kelele. Halafu unakuja ugonjwa mmoja na fedha zinamwagika, mishahara ya "riposte", yaani kampeni ya kupambana na Ebola, inapanda, nyumba za kupanga zinapanda bei. Nani asingeshuku? Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikaahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama. Rais angepatikana bila wao. Siku ya kura watu wa Beni wakajipangia uchaguzi wao wenyewe mtaani, na waliopanga foleni walinawa mikono kabla ya kupiga kura. Sidhani kama kuna tathmini nzuri zaidi ya kampeni ile ya usafi: ujumbe ulipokelewa, aliyeutuma hakuaminiwa. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Aprili, daktari Richard Mouzoko aliuawa hospitalini Butembo.

Ninachokipenda ni jinsi sera ilivyokubali kurekebishwa na mlango uliofungwa. Novemba 2018 ilifanyika Beni kampeni ya siku nne ya dawa za malaria na vyandarua, iliyolenga hadi watu 450,000, kwa kuwa homa ya malaria na homa ya Ebola hufanana mwanzoni. Walipoondolewa wenye malaria, waliobaki walionekana. Watu waliuliza kwa nini wa ng'ambo ya barabara achanjwe na wao waachwe. Mwaka 2019 pete ikapanuliwa hatua moja zaidi. Wajawazito, walioachwa nje mwanzoni, wakaingizwa. Mwishowe walichanjwa watu zaidi ya 300,000, kwa chanjo inayohitaji baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, katika mkoa ambao umeme ni wa kubahatisha.

Kulinganisha dawa nako kulifanyika palepale. Jaribio lililoitwa Pamoja Tulinde Maisha, likiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake, liliwagawa wagonjwa 681 kwa bahati nasibu kati ya dawa nne. Agosti 2019 lilisimamishwa mapema, maana majibu yalikuwa wazi: kwa ZMapp walikufa karibu nusu, kwa mAb114 na REGN-EB3 karibu theluthi. Dawa hiyo ya mAb114 chimbuko lake ni damu ya mtu aliyenusurika Kikwit mwaka 1995. Katikati ya risasi na uvumi, wauguzi wa Kongo walijaza fomu kwa uangalifu kiasi cha kuipa dunia jibu la uhakika.

Uganda nayo ilijiandaa kwa utulivu. Ilikuwa imewachanja wahudumu wa afya wapatao 4,700 kabla ya mtoto wa miaka mitano kuvuka na familia yake kutoka Kongo, Juni 2019. Wagonjwa watatu, wote walifariki, na mnyororo ukakatika hapo.

Februari 2021 ugonjwa ulirudi upande wa Butembo. Safari hii walioshika kalamu walikuwa wenyeji waliokwisha kuisomea kazi katika mitaa ileile: wagonjwa 12, vifo 6, na kufikia 3 Mei umekwisha. Oktoba mwaka huohuo Beni ikapata wagonjwa 11, ukatangazwa kwisha 16 Desemba. Agosti 2022, Beni tena, mgonjwa mmoja tu.

Wenyeji hao wanaoandika orodha wanapaswa kuwa na fungu katika bajeti ya Kinshasa katika miezi isiyo na mlipuko, kama askari wanavyolipwa wakati wa amani. Waheshimiwa wabunge wa Kivu Kaskazini, ombeni hilo kabla ya kuomba gari lingine jeupe.