Gari Haliwaki: Pima Kwanza, Kariakoo Haihami

Fundi wa Gerezani ana bahati ambayo fundi wa Tunduru hana: koili, pampu, sensa, hata injini nzima kutoka Japani, vyote anavifuata Kariakoo kwa miguu. Bahati hiyo ndiyo inayowaponza wenye magari. Spea ikiwa karibu, kubahatisha huwa rahisi kuliko kupima. Inabadilishwa koili, kisha pampu, kisha sensa. Bili inapanda na gari bado limelala.

Tuichukue Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE. Stata ikigonga tu au ikijikokota, achana na mafuta. Anza na umeme. Betri iliyojaa husoma takribani volti 12.6, na stata ikipigwa isishuke chini ya 9.6. Betri ikihimili na stata bado ni nzito, pima kati ya terminali hasi na bloku ya injini huku stata ikipigwa. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa ethi umechoka, na betri mpya haitasaidia kitu.

Injini ikizunguka vizuri bila kuwaka, tafuta cheche. Hapa kuna koili 4, kila plagi na yake. Ikifa moja, gari huwaka likitetemeka. Zote zikikosa cheche kwa pamoja, kagua kinachozihudumia zote: fyuzi, waya wa umeme, au sensa ya krenki. Bila ishara ya sensa hiyo, kompyuta haijui wakati wa kuchoma plagi wala kufungua nozeli.

Cheche zikiwepo, nenda kwenye mafuta. Hapa pampu nyingi huhukumiwa bila kosa: fundi anafungua swichi, anasikiliza tangi, kimya. Toyota nyingi za aina hii huendesha pampu stata inapopigwa, si swichi inapofunguliwa. Funga geji, piga stata. Presha ifike takribani psi 44 hadi 50.

Gari lililozimikia majini Jangwani, Mto Msimbazi ulipofurika, lina utaratibu wake: lisipigwe stata. Maji hayagandamiziki, yakiwa ndani ya silinda, pistoni ikipanda konrodi hupinda. Toa plagi zote kwanza, ndipo uzungushe injini yatoke.

Mwenye gari naye, kabla ya kutoa pesa ya spea, aulize: umepima nini, na mita imesoma ngapi? Asiye na jibu hajafika kwenye ugonjwa.